Tunayoyaona Visiwani Yaandikwe: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Kaunti ya Lamu

Kwa Mheshimiwa Gavana, waheshimiwa wawakilishi wadi, na wakuu wa idara za uvuvi, mazingira, misitu na wanyamapori mnaohudumu katika visiwa vyetu,

Assalaam aleikum.

Ami yangu alikuwa mvuvi wa mishipi na madema. Alivua tangu ujana wake mpaka macho yalipokataa kumuonyesha alama za miamba, na miaka yote hiyo alikuwa na daftari. Shule ya serikali hakusoma. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wengi wa Amu, na tarehe zake zilikuwa za mwezi mwandamo. Alipofariki nilirithi mtumbwi wake, ambao umeshaoza, na daftari lake, ambalo liko hapa mezani ninapowaandikia.

Kuna ukurasa mmoja wa Mfunguo Tatu, mwaka 1418, siku chache baada ya Idi Kubwa. Nimehesabu, ni Aprili 1998. Ameandika kwamba maji yana joto mpaka chini, na mawe ya mwamba yamekuwa meupe kama chokaa. Mistari miwili tu, kisha akarudi kwenye hesabu ya chambo. Leo inajulikana kwamba mwaka ule joto la bahari lililofuatana na El Niño liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Bahari ya Hindi, na pwani ya Kenya haikusalimika. Ami aliliona jambo lenyewe likitokea, akiwa juu ya mtumbwi wake, akaliandika. Hakutokea mtu wa kumuuliza, naye hakuwa na mahali pa kulipeleka.

Waheshimiwa, nimefundisha shule za msingi za kaunti hii mpaka nikastaafu, na tangu ami alipoondoka ninaandika daftari langu mwenyewe. Ninawaandikia kuomba jambo moja. Ninaomba kila bandari ya samaki na kila kijiji cha visiwa hivi kiwe na daftari la serikali ambamo wenyeji wataandika wanyama, ndege, samaki na miti wanayoiona, na daftari hilo lisomwe kabla ya uamuzi wowote kupitishwa juu ya bahari yetu, mikoko yetu na fukwe zetu.

Huenda mkaliona jambo hili dogo, kwa hivyo niruhusuni nieleze kwa nini kwangu si dogo.

Watu wa visiwa hivi wameishi kwa kutazama. Wazee wetu walihesabu mwaka kwa miongo, kumi kumi, kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya wa jua, ili wajue siku ya kupanda na siku ya kuvuta jahazi pwani. Walisema Kilimia, lile kundi la nyota, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Maneno hayo yalitoka kwa watu waliotazama nyota na mawingu miaka mingi, wakalinganisha, wakapokezana. Mpaka leo muulize mtoto wa Kizingitini maji yanapwa saa ngapi kesho, atakujibu bila kutazama simu. Mama anayeokota chaza anajua fungu lipi limechoka. Mchukuzi wa punda anayepita ufuo wa Shela alfajiri ndiye wa kwanza kuona buruta za kasa, alama za kujiburuta kwake, mchangani, kabla upepo haujazifuta.

Macho haya yote yako kazini kila siku, na hakuna anayeyalipa. Kinachokosekana ni mahali pa kuweka yanachokiona.

Nichukue mfano wa ndege, kwa sababu wao ndio walionifanya nianze kuandika. Kila mwaka, kusi likianza kulegea, kuelekea Septemba, sululu hushuka kwenye mafungu ya mchanga yanayofunuka maji yakipwa. Mdomo wake mrefu uliopinda hauwezi kukosewa. Huja na vitwitwi, makundi kwa makundi, wakikimbia ukingo wa maji kama watoto waliotoka chuoni. Ndege hawa wamezaliwa kaskazini ya mbali ya Ulaya na Asia, wamevuka jangwa na bahari, na wanaujua mkondo wetu kama jahazi linavyoijua gati yake. Yupo pia mwingine, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, kazi yake ni kula kaa. Yeye huzaliana Somalia na Uarabuni, hutaga ndani ya shimo analolichimba mchangani, kisha huja kwetu kupitisha kaskazi. Ni nadra ndege wa pwani kutaga shimoni namna hiyo, na sisi tunaye hapa kwa miezi kadhaa kila mwaka, lakini watoto wetu wengi wanamaliza shule ya msingi bila kuambiwa habari zake. Mimi mwenyewe niliwafundisha miaka mingi kabla sijaijua, na hilo linaniuma.

Ndani ya daftari langu naandika siku niliyomuona sululu wa kwanza, na fungu alilotua. Miaka ya kwanza nilidhani ni mchezo wa mzee. Baadaye niligundua kwamba kuna fungu moja ambalo ndege walikuwa wakijaa, na sasa hawatui tena. Mchanga upo, maji yanapwa kama kawaida, lakini ndege hawapo. Kwa nini, sijui. Lakini najua mwaka waliouacha, na mtu mwenye elimu kuliko mimi angeweza kuanzia hapo.

Sasa niwaeleze habari ya kasa.

Mwaka jana, usiku wa maji makuu ya mwezi mpevu, nilikuwa Manda upande wa bahari kuu pamoja na vijana wawili wa jamaa zangu. Kasa alipanda. Mtu aliyewahi kumuona kasa akipanda hasahau: mnyama aliyeumbwa kwa maji anajiburuta mchangani kwa mikono, anapumzika, anahema kama binadamu, anajiburuta tena. Tumboni ana mayai mia na zaidi. Alifika karibu na majani, akainua kichwa. Mbele yake, juu ya ufuo, kulikuwa na taa nyeupe ya jengo jipya, kali kama ya uwanja wa mpira. Akasimama muda mrefu. Kisha akageuka, akarudi baharini bila kutaga.

Siwezi kuapa kwamba ni ile taa iliyomrudisha. Kasa hurudi kwa sababu nyingi, hata kishindo cha miguu yetu kingeweza kumtisha. Lakini nilirudi usiku wa pili na wa tatu, nikakaa mbali, nikaandika. Buruta zilizoishia chini ya taa ile zilikuwa za kwenda na kurudi, bila shimo. Zilizokuwa kwenye giza, mbele kidogo, zilikuwa na mashimo. Na hata mama akitaga, wana wana shida yao. Baada ya siku hamsini au sitini wanatoka usiku na kuufuata upande unaong'aa, kwa sababu tangu Mungu aiumbe dunia upande unaong'aa usiku ulikuwa ni bahari. Taa ikiwa nchi kavu, wanaifuata taa. Asubuhi utawakuta wamekauka juani, au kaa wameshamaliza kazi.

Nikaenda ofisi moja mjini kutoa habari. Kijana niliyemkuta alinipokea kwa adabu, akanipa kiti, akaniita mwalimu. Akaniuliza kama nina ripoti. Nikamfungulia daftari, nikamuonyesha tarehe, mahali, hali ya maji, idadi ya buruta na idadi ya mashimo. Alilisoma lote. Kisha akaniambia kwa masikitiko kwamba hili si ripoti, na hana fomu ya kuliingiza. Simlaumu. Kweli hakuwa na fomu. Nikakunja daftari langu nikarudi Langoni, na taa ile inawaka mpaka leo ninapoandika.

Habari ya nguva ni nzito zaidi, na naiandika nikijua kwamba kuna watakaonuna.

Nguva wamebaki wachache mno katika Kenya nzima, na maji ya kaskazini mwa kaunti hii, kuelekea Kiwayu na Kiunga, ni miongoni mwa mahali pachache ambapo bado wanatarajiwa kuonekana. Chakula chao ni nyasi za bahari. Jike huzaa mtoto mmoja tu, na hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena, kwa hivyo nguva mmoja akifa ndani ya jarife, ule wavu mkubwa, ni hasara ambayo maji yale hayaifidii upesi. Mtu anayesema kwamba amemuona nguva, akataja siku na mahali, ameleta habari ambayo ndege ya serikali ingeruka siku nyingi kuitafuta.

Lakini wavuvi hawasemi. Nimekaa nao barazani, nimesafiri nao, na wananiambia mimi kwa sababu ni mtoto wa nyumba moja nao. Mvuvi akimkuta nguva au kasa amekufa ndani ya wavu wake, la kwanza linalomjia ni kesi. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ina adhabu kali sana kwa anayekutwa na mnyama wa namna hiyo, na mimi naiunga mkono kwa mwindaji. Huyu hakuwinda. Alitega nyavu zake usiku akakuta msiba asubuhi. Anakata wavu, anamwachia mnyama azame, anarudi nyumbani akiwa amefunga mdomo, na habari imepotea pamoja na mnyama. Waheshimiwa, mkitaka kujua nguva wangapi wamebaki na wanakufa wapi, mpeni mvuvi amani ya kusema. Tamkeni hadharani, kwa maandishi, pamoja na wakuu wa wanyamapori, kwamba mtu anayeleta habari ya mnyama aliyenaswa kwa bahati mbaya hatageuzwa mshtakiwa kwa habari aliyoileta. Bila neno hilo daftari ninaloliomba litajaa samaki na ndege, na ukurasa wa nguva utabaki mweupe.

Kuna watakaosema kwamba kazi ya kutazama inafanywa na wataalamu. Wataalamu huja, nami nimewabebea maji na kuwaonyesha njia. Ni watu wema, wana darubini nzuri, na wanajua mengi nisiyoyajua. Hukaa wiki mbili, mara nyingi wakati wa kaskazi bahari ikiwa shwari, kwa sababu wakati wa kusi vyombo vidogo havitoki. Kwa hivyo wanaijua Lamu ya kaskazi. Nyangumi wanaopita nje ya mwamba kuanzia Julai hadi Septemba hawawaoni. Kisha ripoti huandikwa kwa Kiingereza, hupelekwa Nairobi au ng'ambo, na mimi niliyewaonyesha fungu la sululu sijawahi kuishika mkononi hata moja. Sina ugomvi nao. Nasema tu kwamba wiki mbili haziwezi kujibu swali la miaka thelathini.

Na gharama ya kukosa kitabu chetu tumeshaionja. Bandari kubwa ilipojengwa Kililana, bahari ya Manda ikachimbwa ili meli ziingie, wavuvi walilalamika juu ya tope na juu ya maeneo ya kuvulia yaliyopotea. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba haki zao zilivunjwa, wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021. Nilifuatilia kesi ile kama wengine wote hapa, na swali moja halikuniachia usingizi: kabla ya mashine kuanza, kwenye mkono ule wa bahari, jiwe la chini lilikuwa likionekana pima ngapi? Kila nahodha alikuwa na jibu kichwani. Sisi wenyewe wa visiwani hatukuwa nalo kwenye karatasi. Tungekuwa na madaftari ya miaka ishirini nyuma, mwaka kwa mwaka, kwa hati za watu mbalimbali, mazungumzo yangeanza mapema sana, kabla ya wakili yeyote kuajiriwa.

Mikoko vilevile. Kaunti yetu ina hekta zipatazo 37,000 za mikoko kati ya takriban 61,000 za nchi nzima. Mwaka 2018 marufuku ya kukata miti ilipotangazwa, ilikata kote sawasawa, mkondo ulioparwa na mkondo uliosongamana. Sisemi marufuku ilikuwa kosa. Kuna vijito ambavyo kweli vilihitaji kupumzika. Lakini mkataji wa Matondoni anajua kijito gani. Anaujua mkoko, mchu, muia, mkandaa, mlilana na mkomafi kwa ganda, hata usiku. Anauza kwa korija, yaani miti ishirini ishirini, na anajua fito, pau, mazio, boriti na nguzo zinapatikana wapi. Akikwambia kwamba zamani alipata boriti nyuma ya kijiji na sasa anasafiri nusu siku, na karibu na kijiji yamebaki mazio, hiyo ni takwimu ya msitu iliyopimwa kwa mabega yake. Mwaka ule familia zilikaa bila chakula kwa amri iliyopitishwa bila takwimu hiyo.

Juu ya matuta ya Shela sitasema mengi, kwa kuwa kila mmoja wenu anayanywa. Mchanga ule ndio unaopokea mvua na kuihifadhi, na visima vya chini yake ndivyo vinavyonywesha mji. Mimea inayotambaa yenye maua ya zambarau ndiyo inayoushika usiende na kusi. Anayepita pale kila siku anaona tuta linapoliwa. Aandike.

Sasa, namna ya kufanya. Sina haja ya jengo jipya wala semina hotelini. Katika bandari zetu za samaki tunazo kamati za BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, zilizowekewa kanuni mwaka 2007, na pale yupo mtu anayeandika chombo kilichoshuka, aina ya samaki na kilo. Kalamu ipo, meza ipo. Mpeni ukurasa wa pili. Nahodha akishapima samaki wake aulizwe: umeona nini leo? Kasa, ng'amba, nguva, pomboo, papa shilingi, nyangumi, maji yaliyobadilika rangi, mwamba uliogeuka mweupe, nyavu zilizotupwa. Iandikwe siku, mahali kwa jina tunaloliita sisi, na hali ya maji. Kwa Kiswahili, kwa majina yetu. Atakayetaka majina ya Kilatini atayaongeza pembeni baadaye. Vijijini ambako hakuna bandari ya samaki, daftari likae shuleni, na walimu nitawasaidia kwa hiari yangu, kama nitapewa nauli ya boti tu.

Nakala ipelekwe kaunti kila baada ya miezi mitatu, lakini daftari lenyewe lisiondoke kisiwani. Hapa nitakuwa mgumu. Tumeona vitu vingi vikichukuliwa kwa ahadi ya kurudishwa.

Na Bunge la Kaunti liweke sharti kwamba tathmini yoyote ya athari kwa mazingira, ya gati, ya hoteli, ya barabara au ya kuchota mchanga, ionyeshe kwamba mwandishi wake alikwenda akayasoma madaftari ya mahali pale, akaandika alichokikuta. Asikubaliane nayo akipenda, lakini aseme kwa nini. Katiba ya 2010, kifungu cha 69, inaibebesha serikali wajibu wa kuhimiza wananchi washiriki katika kuyalinda mazingira, na wajibu wa kulinda maarifa ya asili ya jamii juu ya viumbe. Maarifa hayo kwa sasa yamo vichwani mwa wazee, na kila Ijumaa tunapotangaziwa jeneza msikitini, mimi huwaza ni mwamba gani umezikwa na jina lake.

La taa halihitaji hata daftari. Linahitaji barua moja kutoka kwenu kwenda kwa wenye majengo yanayotazama fukwe za kasa, Manda na Shela: taa zielekezwe chini, zifunikwe upande wa bahari, ziwe za rangi ya njano iliyokolea, na zisizo na kazi zizimwe usiku. Wengi watakubali. Niliongea na mlinzi wa jengo lile. Aliniambia hajui kama taa ina shida kwa mtu yeyote, na kwamba angeizima kama angeambiwa.

Waheshimiwa, kusi linapungua mwezi wa Septemba. Siku ya kwanza maji makuu yakipwa asubuhi nitakuwa kwenye mkondo, kwenye fungu lililobaki na ndege, na madaftari yote mawili, la ami na langu. Mashua ina nafasi ya watu sita. Tunaondoka gati ya Langoni baada ya sala ya alfajiri, na nitawasomea kurasa zozote mtakazozitaka, hata zile za herufi za Kiarabu.

Wasalaam,

Mwalimu mstaafu,
Langoni, Amu.